Bakuli la Pili la Supu ya Mwani

Kisiwani, 11 Aprili 2022

Dada yangu Ok-rye,

Umekula? Mimi nimekula saa tano na nusu, kabla ya watoto, nikiwa nimesimama, kama ilivyo desturi yetu watu wa jikoni. Leo ilikuwa wali wa shayiri na samaki wa kuchoma. Shule nzima ina watoto ishirini na watatu, na bado mmoja kalia kwa sababu ya mwiba. Mume wangu hajambo, ila mgongo unamsumbua na hataki kusikia habari ya daktari. Vitunguu vya huku vimestawi, nitakutumia kwa kivuko cha Ijumaa. Ningekupigia simu, lakini najua utasema unachosikia ni mashine ya kuoshea masinia peke yake, basi naandika.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi chama cha wafanyakazi kilituita makatibu wa matawi mjini Mokpo, tukagawiwa kitabu cha mkataba mpya na ofisi ya elimu ya mkoa. Ukurasa wa kwanza unataja watu wanaohusika: mpishi wa shule, mfagizi, mlinzi, karani msaidizi, mama anayewapandisha watoto basi. Dada, miaka kumi na tisa naitwa "yule mama wa jikoni." Nilipoona "mpishi wa shule" imepigwa chapa kwenye kitabu cha serikali nikaweka kidole juu yake, nikashindwa kukiondoa. Ukumbini tulikuwa wanawake mia mbili na zaidi, kila mmoja akitafuta jina la kazi yake kwenye ukurasa uleule.

Mkataba una mafao mengi lakini wewe shika hili moja. Mpishi yeyote aliyefikisha miaka hamsini na mitano, au aliyekaa jikoni miaka kumi, atapigwa picha ya mapafu kwa ile mashine kubwa ya hospitali. Pamoja na picha kuna bima ya kundi. Ukijiandikisha ungali kazini, matibabu yatakayofuata yanalindwa hata ukistaafu. Ukitoka kazini hujajiandikisha, mlango umefungwa. Mwisho wa kupeleka majina ni tarehe 20 Mei.

Unayajua ninayoyafikiria. Mama Se-hun alisimama kwenye karai la pili kushoto kwako miaka kumi na moja, hakuwahi kugusa sigara, na ona saratani ya mapafu ilivyomfanya. Na wewe ile Krismasi ulikohoa mpaka mkufu ukakatika. Jiandikishe.

Mdogo wako,
Pil-sun

*

Suncheon, 29 Aprili 2022

Pil-sun,

Nimekula. Vitunguu vimefika, viwili vimeoza kwa sababu umevifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kila mwaka nakwambia tumia gunia la wavu.

Leo tumekaanga vipande vya nguruwe mia tisa na arobaini. Tuko saba, tungepaswa kuwa tisa. Feni ya kutolea moshi inanguruma vizuri sana, ila moshi hautoki. Fundi alikuja, akatazama juu, akasema "aha," akaondoka. Ukutani mafuta yamekuwa ya rangi ya asali, na Jumanne tulikwangua kwa visu. Paka wa nyumba ya nyuma kazaa. Hizo ndizo habari za huku.

Nafurahi kuhusu kitabu chenu. Kidole chako kitoe sasa, wengine nao wasome.

Lakini mimi sijiandikishi. Sijawahi kuwa mtu wa chama. Wewe ndiye wa kuvaa kizibao cha rangi ya waridi na kupiga kelele barabarani, mimi ni wa kupika. Nina miaka mitatu mizima mbele yangu jikoni, picha itangoja. Kikohozi ni cha chavua ya misonobari, mji mzima unakohoa.

Mama Se-hun usimtaje tena kwenye barua.

Ok-rye

*

Kisiwani, 18 Mei 2022

Dada,

Umekula? Sisi leo tofu na chipukizi za soya. Mume wangu amekubali kwenda kwa daktari wa mgongo baada ya kushindwa kuvaa soksi. Nimenunua magunia ya wavu, umeshinda.

Nakuandikia kukwambia, si kukuomba ruhusa. Nimekujazia fomu. Katibu wa tawi anaruhusiwa kupeleka jina la mpishi wa wilaya nyingine, hatua ya kwanza haitaki sahihi. Jina, shule, tarehe ya kuzaliwa, basi. Nimeandika ishirini ya mwezi wa kumi na moja kwa kalenda ya zamani ya mwezi mwandamo, mwaka wa Nyoka, nikaigeuza mwenyewe kuwa Desemba 1965 ya kalenda mpya, maana siku yako ya kuzaliwa, siku ya supu ya mwani, siwezi kuisahau hata nikigongwa na kivuko. Mama akipika sufuria nzima, bakuli moja lako, bakuli moja la Bibi wa Uzazi, yule mzimu anayelinda watoto, lililowekwa pembeni, nami nikilimezea mate lile la Bibi kwa sababu lilikuwa na nyama nyingi.

Nikasirikie ukipenda. Mimi ndiye mdogo, nimezoea.

Pil-sun

*

Kisiwani, 17 Juni 2022

Dada,

Hukujibu. Sijui kama umekula.

Leo sitaandika tumepika nini. Fomu yako imerudi. Karani wa chama alinipigia, akasema, "Katibu, huyu hayumo." Nikamwambia mashine yenu imeharibika, dada yangu yuko jikoni humo tangu watoto wa sasa hawajazaliwa. Akatafuta tena. Akasema katika shule ile yuko Pyo Ok-rye mmoja tu, na huyo amezaliwa tarehe 26 Agosti 1962. Mimi najua dada aliyezaliwa Desemba 1965. Nikacheka. Kisha akasema kwamba huyo wa 1962 anatimiza sitini mwaka huu, kwa hiyo anastaafu tarehe 31 Agosti.

Nilitoka nje nikakaa juu ya kreti la kabichi.

Dada, umeniambia miaka mitatu. Unastaafu msimu huu na mimi sijui? Na huyo wa 1962 ni nani? Kama Baba alikosea kuandika, sema alikosea, watu wengi wa rika lako wana tarehe za ajabu. Lakini mimi nakujua. Ungekuwa umekosewa tu ungekuwa umelalamika miaka hamsini mfululizo.

Fomu zilizorudi zinaweza kusahihishwa mpaka tarehe 12 Agosti, na safari hii zinataka sahihi ya mwenyewe. Nimeweka fomu mpya humu. Baada ya hapo, tarehe thelathini na moja unavua buti, na mlango ndio huo nilioutaja.

Nijibu. Hata kunitukana tu.

Pil-sun

*

Suncheon, 25 Julai 2022

Pil-sun,

Nimekula. Shule zimefungwa, jiko limepoa, na mtu akipoa ndipo mikono inaanza kumuuma. Paka wamekua, nimegawa watatu. Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza niliifungia samaki.

Baba hakukosea.

Kabla yangu alikuwako msichana. Alizaliwa mwaka wa Simbamarara, huo wa 1962, wakamwita Ok-rye. Mama alisema alikuwa anatembea, anaita mbwa kwa jina, na alikuwa akiimba anapojisaidia. Masika ya mwaka wa Nyoka surua ilipita kijijini, ikamchukua pamoja na watoto wengine wanne. Unajua zamani mtoto hakuchimbiwa kaburi. Baba alimbeba mgongoni kwenye kikapu cha kubebea kuni, akampandisha mlimani, akamlundikia mawe ili mbweha wasimfikie. Hakuna aliyelia kwa sauti, haikuruhusiwa. Mama alikuwa na mimba yangu.

Nilizaliwa wakati wa theluji. Baba alitembea mpaka ofisi ya tarafa, mwendo wa saa tatu kwenda, akiwa na mambo mawili ya kusema: mmoja amekufa, mmoja amezaliwa. Alisimama dirishani. Karani akamuuliza, "Haya mzee, umekuja kuandikisha nini?" Baba akashindwa. Akasema, "Nimekuja kuangalia tu kama binti yangu Ok-rye yumo." Karani akafunua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Yumo." Baba akashukuru, akarudi nyumbani kwenye theluji ileile. Alipoingia, Mama akamuuliza amesema nini. Akajibu, "Wamesema yumo." Wakanipa jina, na karatasi yake.

Ndiyo maana barua ya kuitwa shule ilikuja nikiwa na miaka minne. Mama akamdanganya mwalimu kwamba mimi ni mgonjwa mgonjwa. Kitambulisho kilikuja nikiwa na kumi na nne, na siku hiyo Mama aliniketisha mbele ya jiko akanieleza yote huku akimenya vitunguu saumu, hakuinua macho hata mara moja. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Pil-sun ana mdomo." Hilo hukuhitaji mtu wa kukuambia.

Lile bakuli ulilolimezea mate halikuwa la Bibi wa Uzazi. Lilikuwa lake.

Sasa umejua kwa nini nastaafu. Ofisini sikubisha. Ningeenda mahakamani kurekebisha, ningepaswa kusema kwa kinywa changu kwamba Ok-rye wa mwaka wa Simbamarara alikufa. Hana kaburi, Pil-sun. Mawe yale yalishaondolewa walipopasua barabara. Mahali pekee duniani panaposema kwamba aliwahi kuzaliwa ni ile tarehe yangu ya uongo. Nimetembea na karatasi yake miaka hamsini na sita, nimeolewa nayo, nimezika mume nayo, nimepikia watoto elfu nyingi nayo. Miaka mitatu ya kazi nikimrudishia si mingi.

Na hilo la picha. Nilidhani naogopa wataona doa kwenye pafu. Doa naliogopa, kweli, kila nikiamka nakohoa kitu cha rangi ya ukuta wetu. Lakini nilipojiuliza vizuri, nikaona naogopa kulala kwenye mashine chini ya jina lake, wamulike ndani, wakute huyu niliyemo si yeye. Ni ujinga. Nakuandikia hivyohivyo.

Fomu sijatia sahihi. Iko chini ya mtungi wa kabichi ya kimchi.

Ok-rye

*

Kisiwani, 29 Julai 2022

Dada,

Barua yako niliisoma kwenye gati, nikakosa kivuko, nikaisoma tena, nikakosa cha pili. Mume wangu alikuja kunitafuta kwa pikipiki na mgongo wake ule. Sijui hata nianzie kushangaa wapi. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa ng'ombe dume, alishindwa na dirisha. Na wewe, ambaye nilikuibia soksi na kukuita nyoka kila tulipogombana, ulikuwa unakaa na mtu mwingine ndani ya jina lako, ukampa nafasi, hukumsukuma hata siku moja. Nina dada wawili na nimekuwa nikimjua nusu ya mmoja.

Nimepanda juu ya paa la stoo, peke yangu, nikasema "dada" mara moja kuelekea upande wa kwetu. Nilijisikia mjinga na nilijisikia vizuri.

Sasa nisikilize, maana nakuandikia kama mdogo wako na kama katibu wa tawi, na wote wawili wana hasira. Unasema karatasi ni yake. Sawa. Basi mafao ni yake pia. Mkataba ule haumtaji mtu yeyote kwa namna alivyozaliwa, unamtaja mpishi wa shule aliyesimama kwenye moshi. Wewe ndiye uliyesimama. Yeye alitoa karatasi, wewe ukatoa mapafu, na sasa unataka mmoja wenu apotee tena kimyakimya bila mtu kulia. Mimi sitaki. Mara ya kwanza sikuwepo, mara hii nipo.

Nimesahihisha tarehe kwa mkono wangu: 26 Agosti 1962. Niliiandika polepole, kwa sababu sijawahi kumwandikia yeye kitu chochote. Karani amenishikia nafasi hospitalini Suncheon, Jumatatu tarehe 22 Agosti, saa tatu asubuhi. Fomu ya pili iko humu ndani, ikiwa ile ya kwanza imeshanuka kimchi. Itie sahihi, ifike kabla ya tarehe kumi na mbili. Siku hiyo ya Jumatatu nitapanda kivuko cha kwanza.

Naogopa, dada. Nimeandika kwa ukali kwa sababu naogopa.

Pil-sun

*

Suncheon, 7 Septemba 2022

Pil-sun,

Umekula? Leo nimekula nimekaa. Saa sita kamili, kwenye kiti, kama mwalimu mkuu. Chakula kilipoa kwa sababu sikujua nile kwa mwendo gani.

Majibu yamekuja jana, ndiyo maana naandika kabla hujaja kwa sikukuu ya mavuno, usije ukaniuliza mlangoni mbele ya majirani. Kuna kinundu pafu la kulia, chini. Milimita sita. Daktari anasema kwa ukubwa huo hakiguswi, kinaangaliwa. Nirudi baada ya miezi mitatu, kisha sita. Aliniuliza nilifanya kazi gani, nikamwambia, akavua miwani. Akasema ningekuja baada ya miaka mitatu tusingekuwa tunaongea hivi. Bima ya kundi inaendelea, karani wenu amenipigia mwenyewe kunihakikishia, na nilimsikia vizuri kuliko ninavyokusikia wewe. Kwa hiyo sijapona na sijafa, na natakiwa kwenda hospitali mara nyingi. Mumeo atanicheka.

Ulikuwepo siku ile ya picha lakini ulibaki nje ya mlango, kwa hiyo haya huyajui. Binti wa mapokezi aliniuliza jina na tarehe. Nikasema Pyo Ok-rye, tarehe ishirini na sita ya mwezi wa nane, sitini na mbili. Maisha yangu yote nimeitaja tarehe hiyo harakaharaka, nikitazama chini. Safari hii niliitaja polepole kama ulivyoiandika. Akatazama kwenye kompyuta, akasema, "Ndiyo, mama, umo." Nusura nimwombe arudie.

Ndani wakanilaza, sauti ikaniambia vuta pumzi, shikilia. Nikashikilia. Baadaye daktari alinionyesha picha. Nilitegemea kuona moshi, Pil-sun, nilitegemea rangi ya asali. Nikaona kitu cheusi kimetulia, chenye matawi meupe membamba, mengi, yanaendelea kugawanyika mpaka macho yanashindwa, kama mti wetu wa mpersimoni baada ya majani kudondoka. Ndicho kilichokuwa kimesimama mbele ya karai miaka yote hiyo na sikuwahi kukishukuru. Juu kwenye kona kulikuwa na jina na tarehe yake. Jina lake, tarehe yake, na chini yake pumzi yangu. Nilikaa pale mpaka daktari akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nawaangalia tu. Hakuuliza kwa nini nimesema "nawaangalia."

Sasa lililobaki. Ijumaa ile, tarehe ishirini na sita, ilikuwa siku yangu ya mwisho jikoni, zile siku tatu zilizobaki zilikuwa za likizo. Wale wenzangu sita walikuwa wameona kwenye karatasi za kustaafu kwamba ndiyo siku yangu ya kuzaliwa, tena ya sitini. Hawajui lolote. Tulipomaliza kuosha wakaniketisha juu ya ndoo ya mchuzi wa soya iliyogeuzwa, wakaniletea supu ya mwani waliyoipika pembeni kwa siri, nyama nyingi, wakaimba vibaya sana. Nikataka kuwaambia siku yangu ni mwezi wa kumi na mbili. Mdomo ukafunguka.

Kisha nikahesabu. Mama alimpikia kila mwaka, lakini alimpikia siku yangu, akamwekea bakuli pembeni ya langu. Kwa tarehe yake mwenyewe hakuna aliyewahi kuwasha moto. Nikashika kijiko. Nikala yote, nikainua bakuli nikanywa na mchuzi, na nilipolishusha nikawaomba waniongezee. Wakacheka, wakasema dada leo ana njaa ya watu wawili.

Njoo na vitunguu. Kwenye wavu.

Ok-rye